Kaunta ya Mbao, Sakafu ya Marumaru

Reli ya Usambara ilifika Korogwe mwaka 1902 baada ya kuhangaika sana njiani. Kazi ilianzia Tanga mwaka 1893. Treni ikafika Muheza mwaka 1896, kisha kampuni iliyokuwa ikiijenga reli ikaishiwa fedha, na mwaka 1899 serikali ya Kijerumani ikalazimika kuichukua. Kutoka Muheza hadi Korogwe, mwendo ambao basi la leo huumaliza kwa saa moja hivi, reli ilichukua miaka sita. Hata hivyo ilipofika, mzigo uliokuwa ukibebwa na wapagazi kwa siku kadhaa kutoka pwani ukawa unashushwa stesheni siku hiyohiyo: mabati, saruji, misumari, majora ya kitambaa, chumvi, mafuta ya taa. Na pale mzigo uliposhushwa, duka likajengwa.

Umbo la duka hilo atalitambua mara moja mtu yeyote aliyekulia Korogwe, Moshi, Dodoma au Tabora. Mbele kuna baraza pana, paa lake la bati likishikiliwa na nguzo. Mlango ni wa mbao nene, wa pande mbili, na hufungwa kwa pingo la chuma kutoka ndani. Ukiingia unakutana na kaunta ndefu inayokata chumba kutoka ukuta hadi ukuta. Kipande chake kimoja kina bawaba ili mwenye duka akiinue na kupita. Nyuma ya kaunta, rafu zinapanda hadi darini. Mlango wa nyuma unaingia stoo, stoo inatokea uani, na kuuzunguka ua kuna vyumba ambamo familia ililala, ikapika, ikasali na kulea watoto. Barazani alikaa fundi na cherehani yake, akimshonea mteja palepale kitambaa alichotoka kukinunua ndani.

Miji mikubwa ya Ulaya katika miaka hiyo ilikuwa na maduka makuu ya ghorofa, yenye idara ya nguo, idara ya vyombo, idara ya vipodozi. Korogwe na wilaya jirani ya Handeni hazikuwahi kuwa na duka la namna hiyo. Huku chumba kimoja kilifanya kazi ya ghorofa nne. Khanga, kaniki, jembe, sufuria, sukari, viberiti, dawa ya maumivu, taa ya kandili na kamba ya kufungia ng'ombe vilipatikana kwa mtu mmoja, na mtu huyo ndiye aliyenunua mahindi, asali na ngozi za wakulima. Kwa hiyo anayetaka kujua historia ya kukarabati duka kuu la katikati ya mji, akaitafuta katika wilaya hizi, lazima aanzie kwenye majengo haya ya bati. Ndiyo maduka makuu yetu.

Biashara yenyewe ni ya zamani kuliko reli, na haikukaa mahali pamoja. Misafara kutoka Pangani ilifuata bonde la mto kuelekea Umasaini na Kilimanjaro. Ile ya Saadani ilikata Uzigua na Unguu kwenda bara. Nguo za merikani, shanga, waya wa shaba, bunduki na baruti zilipanda. Pembe za ndovu zikashuka, na watu waliotiwa utumwani wakashuka pamoja nazo. Mwaka 1857 wasafiri Burton na Speke walipita bonde la Pangani wakienda Vuga kumwona Kimweri ye Nyumbai, mtawala wa Washambaa, aliyekuwa akitawala kutoka mlimani kwa kupokea kodi ya watu wake. Mwanahistoria Steven Feierman ameeleza vizuri kilichotokea baadaye: Semboja, mmoja wa wana wa Kimweri, alikaa Mazinde, kule bondeni ambako misafara hupita, akajipatia bunduki na nguo, na nguvu ya njia ya biashara ikaishinda nguvu ya mlima. Upande wa pwani, Bwana Heri wa Saadani naye alijengwa na biashara ya Uzigua, na alipopigana na Wajerumani miaka ya 1888 na 1889 alikuwa akipigania pia njia hiyo.

Somo la Mazinde lilijirudia kila baada ya kizazi. Aliyeruhusiwa kusimama mahali mali inapopita ndiye aliyepata sauti. Ndiyo sababu historia ya maduka ya Korogwe na Handeni ni historia ya ruhusa: nani amepewa, nani amenyang'anywa, na jengo likabaki likishuhudia.

Ruhusa ya kwanza kubwa ilitoka kwenye mkonge. Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 kutoka Florida mwanzoni mwa miaka ya 1890. Iliyofika ikiwa hai ilikuwa 62 tu, na kutokana na hiyo yakaja mashamba yaliyotanda kutoka Tanga hadi ng'ambo ya Korogwe. Magunga, Ngombezi, Kwamdulu, Hale: majina haya kwa wazee wa huko ni majina ya kambi kabla ya kuwa majina ya vijiji. Wafanyakazi, waliokuja kuitwa manamba, walitoka Songea, Njombe, Kigoma, Msumbiji, Rwanda na Burundi. Tangu mwaka 1944 wengi waliletwa na SILABU, ofisi ya wenye mashamba ya kuandikisha wafanyakazi. Walilipwa kwa kipande, yaani kadi ya siku 30 za kazi, na malipo yalikuja kadi ilipojaa. Mtu aliyeugua au aliyekosa siku alichelewa kuijaza. Katikati ya kipande na kipande, aliyemlisha ni mwenye duka.

Mkopo huo uliandikwa kwenye daftari, na daftari lilikuwa na siasa zake. Mwaka 1923 serikali ya Kiingereza ilitunga sheria za leseni na kodi ya faida, ikataka pia hesabu za maduka ziandikwe kwa Kiingereza au Kiswahili, wakati wafanyabiashara wengi wa Kihindi waliandika kwa Kigujarati. Walijibu kwa kufunga maduka kote Tanganyika kwa wiki kadhaa. Kwa mji kama Korogwe, ambako hapakuwa na pengine pa kununulia chumvi, mgomo huo ulionyesha jinsi maisha ya kila siku yalivyokuwa yakitegemea milango michache. Upande wa pili wa kaunta kulikuwa na sheria nyingine, ile ya kuzuia mikopo kwa "wenyeji". Ilisema deni ambalo Mwafrika amekopeshwa na asiye Mwafrika haliwezi kudaiwa mahakamani bila idhini ya ofisa wa serikali. Ilielezwa kuwa ni kinga. Matokeo yake ni kwamba Mwafrika aliyetaka kufungua duka alikosa kitu ambacho kila mwenye duka hukihitaji, mali kauli: kupewa bidhaa na mwenye jumla leo, auze, alipe kesho.

Handeni haikupata reli. Mzigo wake ulipaswa kumalizia safari kwa barabara, na kwa miongo mingi mvua kubwa ilitosha kuifunga. Lami kutoka Korogwe ilikuja katika miaka ya 2010. Umbali huo ulilipa duka la Handeni uzito wa namna yake. James Giblin, katika kitabu chake cha mwaka 1992 kuhusu mazingira na siasa za kaskazini mashariki mwa Tanzania, anaonyesha kwamba kabla ya ukoloni wakuu wa Uzigua walijenga heshima yao juu ya ghala na biashara: walikusanya chakula na mali, na njaa ilipokuja waliwagawia watu wao. Ukoloni ulivunja mpango huo. Ukame ulipoikumba Handeni kati ya mwaka 1932 na 1935, wakuu hawakuwa tena na ghala la kuokoa watu. Chakula cha kununua kilikuwa dukani, kwa aliyekuwa na fedha, au kwenye mgao wa serikali. Ukisimama leo mbele ya duka kuukuu la Chanika, katikati ya mji wa Handeni, stoo ya nyuma inastahili kutazamwa kwa heshima kuliko kaunta ya mbele, kwa sababu ndiyo iliyorithi kazi ya ghala la mkuu bila kurithi wajibu wake.

Uhuru ulikuja na swali la nani aruhusiwe kufanya biashara likiwa mezani. Mwaka 1962 serikali ilianzisha COSATA, chama cha ushirika cha ugavi, ili Waafrika wapate jumla yao wenyewe. Hakikudumu, uzoefu ulikuwa mdogo na wenye jumla wa zamani walikuwa wameshika kila njia. Baada ya Azimio la Arusha, mwaka 1967, serikali ilizitwaa kampuni kubwa za kuagiza na kuuza bidhaa, zikiwemo Smith Mackenzie na Dalgety, na kuziweka chini ya Shirika la Biashara la Taifa, STC. Mwaka 1973 shirika hilo likagawanywa, na kila mkoa ukapata kampuni yake ya biashara, RTC. Tangu hapo mwenye duka wa Handeni, awe Mwarabu, Mhindi au Mzigua, alitazama upande mmoja tu, RTC ya Tanga. Mwaka huohuo ikaundwa Tume ya Bei, ambayo baada ya muda mfupi ilikuwa ikipanga bei za bidhaa zaidi ya 1,000.

Hapa pana jambo ambalo wanahistoria wa maduka wangefaidika kulitazama. Huko Paris, bei moja kwa kila mteja, iliyoandikwa na kubandikwa kwenye bidhaa, ilienezwa na maduka makuu kama Le Bon Marché katikati ya karne ya 19, kwa nia ya kumvuta mteja aingie bila woga. Korogwe bei moja ililetwa na serikali, miaka 120 baadaye, kwa nia ya kumlinda mnunuzi asinyonywe. Wazo ni lilelile. Lililotofautiana ni kwamba Paris rafu zilikuwa zimejaa.

Majengo nayo yalibadilisha mikono. Sheria ya Aprili 1971 ilitaifisha nyumba zenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000 ambazo wenyewe walikuwa wakizipangisha, na zile zilizozidi miaka 10 hazikulipiwa fidia. Zikawa mali ya Msajili wa Majumba, ambaye mwaka 1990 aliunganishwa na Shirika la Nyumba la Taifa. Maghorofa ya Dar es Salaam na Tanga yaliguswa zaidi, lakini mtikisiko ulifika kila mji wa reli, kwa kuwa familia nyingi za Kiasia zilihamia Uingereza na Kanada katika miaka iliyofuata. Waliopanga baada yao walipata fremu bila kupata kumbukumbu.

Kisha ikaja Operesheni Maduka.

Handeni ilikuwa imetangulia wilaya nyingi kuingia katika vijiji vya ujamaa, na Michaela von Freyhold, aliyechapisha utafiti wake juu ya vijiji hivyo mwaka 1979, aliifahamu wilaya hii kwa karibu. Mwaka 1976, katika operesheni hiyo, likatolewa agizo kwamba vijijini duka la kijiji lichukue nafasi ya maduka ya watu binafsi. Wengi walifungiwa kabla ya duka la kijiji kuwa na rafu, achilia mbali bidhaa. Agizo lililegezwa baada ya muda si mrefu, lakini mwenye duka aliyekwishauza mizani yake hakuirudia kazi kirahisi. Haifai kulieleza jambo hili kwa dharau. Walioliamuru walikuwa wamekulia katika nchi ambamo Mwafrika alinyimwa mali kauli kwa sheria, na hasira yao ilikuwa na sababu. Kosa lilikuwa kudhani kwamba duka ni mlango na rafu. Duka ni mtu anayejua nani hatalipa mkopo wake na nani ataulipa mavuno yakiiva, na ujuzi huo haukabidhiwi kwa barua.

Vita vya Kagera na uhaba wa fedha za kigeni vilimalizia yaliyobaki. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 sukari, sabuni na mafuta ya kupikia vilipatikana kwa foleni katika duka la kaya, na mwaka 1983 kampeni dhidi ya walanguzi na wahujumu uchumi iliyoongozwa na Waziri Mkuu Edward Sokoine iliwafanya wenye maduka wengi waogope hata kuweka akiba ya kawaida stoo. Bajeti ya mwaka 1984 ilifungua mlango: mwenye fedha zake za kigeni aliruhusiwa kuagiza bidhaa. Chini ya Rais Ali Hassan Mwinyi, aliyeitwa Mzee Ruksa, mitumba na bidhaa za Dubai zikajaa. Majengo yaleyale yakapata wapangaji wapya, wengi wao vijana kutoka Kilimanjaro, hadi mwenye duka popote nchini akaitwa Mangi hata kama ni Msambaa.

Sasa wapangaji hao wanataka kitu kingine. Lami imefika, umeme upo, na kuna wateja walimu, wachimbaji, wafanyabiashara wa mifugo na machungwa, watumishi wa halmashauri mbili za miji, ambao hawaoni sababu ya kwenda Tanga au Dar es Salaam kununua suti ya harusi, marashi, simu ya bei kubwa au gauni la sendoff. Duka la kifahari la mji mdogo limezaliwa, na mavazi yake yanajulikana: marumaru sakafuni, vioo vya aluminiamu mbele, kiyoyozi, taa nyeupe darini. Ili kuyavaa, jengo la zamani huvuliwa. Kaunta hung'olewa, baraza hujengewa ukuta kuwa fremu mbili, fundi cherehani huambiwa atafute mahali pengine, mlango wa mbao huuzwa au hupasuliwa kuni. Mara nyingi jengo zima huvunjwa, kwa kuwa kiwanja cha barabarani kina bei kuliko kilichomo juu yake.

Hakuna ubaya wowote katika kuuza marashi mazuri Handeni. Wakazi wake wamesubiri muda mrefu sana kupata duka linalowathamini. Linalouma ni kwamba kazi hiyo ingeweza kufanyika bila kufuta kilichokuwepo, na mifano ipo.

Zanzibar inao mfano wa karibu zaidi. Tharia Topan, tajiri wa Kigujarati aliyesimamia forodha za Sultani na kukopesha misafara ya bara, alianza kujenga jumba la hospitali mwaka 1887 kuadhimisha miaka 50 ya Malkia Victoria. Alifariki mwaka 1891, jengo likakamilishwa baada yake na kuja kuwa zahanati yenye nyumba za kupanga juu. Baada ya Mapinduzi ya 1964 liliachwa likaoza. Wakfu wa Aga Khan wa Utamaduni ulilikarabati katika miaka ya 1990: roshani zake za mbao zilizochongwa zilirejeshwa na mafundi, ua ukabaki ua, na maduka yakaingia humohumo bila kuutoboa uso wa jengo. Mfano wa pili ni mgumu zaidi. Mambo Msiige, jumba la katikati ya karne ya 19 huko Shangani, lilifunguliwa mwaka 2015 likiwa hoteli ya Park Hyatt. Jumba lenyewe limepona. Kilicholalamikiwa, hata na UNESCO, ni jengo jipya lililoinuka kando yake kwenye uwanja wa wazi wa ufukweni. Anasa ilikuja na fedha za ukarabati, ikaja pia na njaa ya nafasi. Paris nako La Samaritaine, duka kuu lililoanzishwa mwaka 1870, lilifungwa mwaka 2005 kwa sababu za usalama na kufunguliwa tena mwaka 2021 na LVMH, wauzaji wa bidhaa za anasa. Ngazi zake za chuma na paa la kioo vilitunzwa kwa uangalifu mkubwa. Wateja wa kawaida wa mtaa, waliolizoea kwa misumari na sufuria, hawakuwa tena ndio wanaotarajiwa.

Kariakoo inatoa onyo la aina nyingine. Tarehe 16 Novemba 2024 ghorofa liliporomoka katikati ya soko wakati chini yake kazi ya kupanua nafasi ya maduka ikiendelea. Zaidi ya watu 25 walifariki. Kupanua duka ndani ya jengo linalotumika ni kazi ya uhandisi, na mji mdogo wenye kuta za zamani unahitaji mhandisi kuliko mji mkubwa.

Sheria haisaidii sana. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda moja kwa moja majengo yaliyojengwa kabla ya mwaka 1886. Reli ilifika Korogwe mwaka 1902. Kwa hiyo hakuna duka hata moja la mji huu wa reli linaloweza kuingia katika kinga hiyo. Sheria hiyohiyo inalinda milango na fremu za mbao zilizochongwa kwa mitindo ya Kiafrika au ya Mashariki kabla ya mwaka 1940, kinga inayoifaa zaidi milango ya Pangani, Bagamoyo na Tanga mjini kuliko mlango wa mbao tupu wa Manundu, Korogwe. Imebaki njia moja: Waziri anaweza kulitangaza jengo lolote lenye umuhimu wa kihistoria kuwa kumbukumbu, hata liwe jipya. Tanga, kikundi cha Urithi kimeigeuza boma ya Wajerumani kuwa makumbusho. Boma ni jengo la mtawala, na watawala hawakosi wa kuwakumbuka. Duka ni jengo la mtu aliyepima sukari.

Kila anayetaka kuvunja au kukarabati fremu Korogwe au Handeni huomba kibali kwa halmashauri. Ukurasa mmoja tu ungeongezwa kwenye fomu hiyo: jengo lilijengwa lini, na nani, liliuza nini, lilitaifishwa au la, na ni kitu gani cha zamani kitabaki, baraza, mlango, kaunta au ngao ya mbele. Picha nne na vipimo vya chumba viambatanishwe. Duka la marashi likiweka kaunta ya mbao ya mwaka 1930 chini ya taa zake mpya halitapungukiwa mteja hata mmoja. Na kazi ya kujaza ukurasa huo ianze mapema, na wazee waliopanga foleni ya sukari mwaka 1983, kwa kuwa ni wao wanaojua mlango upi ulikuwa wa RTC, upi wa ushirika, na upi ulifungwa mwaka 1976 usifunguliwe tena.